Utunze Matukio au Utunze Jumla?

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoandika programu hulipita haraka haraka, halafu linatusubiri mbele. Jambo lenyewe ni hili: programu yako inapopokea habari, je, utunze kila kitu kilichotokea, kimoja kimoja, au utunze jumla tu na mengine uyaache yapite?

Nilisomea sayansi ya tarakilishi chuo kikuu. Huko tulifundishwa kupanga hifadhidata vizuri kabisa, majedwali na funguo zake. Tulifundishwa pia kubadilisha rekodi: unaitafuta, unaandika thamani mpya juu ya ile ya zamani, basi. Sikumbuki siku hata moja ambapo mtu aliuliza ile thamani ya zamani imeenda wapi. Nimekuwa kazini miaka kadhaa sasa na nimeona kwamba swali hilo ndilo linaloamua kama programu itaaminiwa na watu inayowahudumia.

Wewe usiye mwanaprogramu usikimbie. Mifano yangu leo ni ya dukani na ya maziwa.

Njia mbili

Fikiria maduka mawili mtaani kwenu, yote yanakopesha. Mwenye duka la kwanza ana daftari. Ukichukua mkate anaandika tarehe, mkate, bei. Ukichukua sukari anaandika. Ukilipa mia mbili anaandika umelipa mia mbili. Mwisho wa mwezi anajumlisha na kutoa mbele yako. Mwenye duka la pili ana karatasi moja ukutani, jina lako na namba moja tu. Ukichukua kitu anakata namba ya zamani na kuandika mpya. Wote wawili wanajua deni lako. Tofauti inaonekana siku mnapokosa kuelewana. Wa kwanza atafungua daftari mlisome pamoja. Wa pili atakuonyesha namba ile ile unayoipinga.

Njia ya duka la kwanza wanaprogramu huiita iventi sosingi. Mimi nitaiita daftari la matukio. Kanuni zake ni mbili. Kwanza, ukweli wa mfumo ni orodha ya mambo yaliyotokea, kwa mpangilio, na orodha hiyo huongezwa tu. Haifutwi wala haihaririwi. Pili, hali ya sasa, kama vile salio au deni au jumla, hupatikana kwa kusoma orodha tangu mwanzo na kuhesabu. Martin Fowler aliandika makala iliyoitangaza sana mwaka 2005, lakini wazo ni la zamani mno. Luca Pacioli alichapisha kitabu mjini Venice mwaka 1494 akieleza jinsi wafanyabiashara wa huko walivyotunza hesabu: jambo linaandikwa kwanza jinsi lilivyotokea, kwa mfuatano wa siku, ndipo linahamishiwa kwenye hesabu ya kila mtu. Hata wewe unayetumia M-Pesa, iliyoanza hapa Kenya mwaka 2007, umezoea mambo haya. Ukiomba taarifa ya akaunti yako huletewi salio peke yake. Unaletewa kila muamala na msimbo wake, na salio likibadilika mstari kwa mstari.

Njia ya pili huitwa strimu agregesheni, nami nitaiita ujumlishaji wa mkondo. Hapa habari zinapita kama maji ya mto na wewe umesimama ukingoni ukihesabu. Fikiria mtu aliyewekwa kwenye Daraja la Nyali ahesabu magari. Kila saa anaandika idadi, anaanza upya. Haandiki namba za magari wala nani alikuwa anaendesha, na akizijaza zote kwenye daftari tutamwona wa ajabu. Kipande kile cha wakati, saa moja moja au dakika tano tano, huitwa dirisha. Programu kama Apache Flink na Kafka Streams zimetengenezwa kwa kazi hii: zinapokea mkondo, zinajumlisha kwa madirisha, zinatoa matokeo.

Zote mbili ni njia nzuri. Shida ni kwamba watu huchagua kwa kufuata mtindo. Aliyehudhuria kongamano juzi anataka kila kitu kiwe daftari la matukio, na anayelipa bili ya seva anataka kila kitu kiwe jumla. Mimi nilijifunza kuchagua kwenye maziwa.

Ushirika wa maziwa

Kazi ninayoizungumzia ilikuwa ya ushirika mmoja wa wafugaji, sehemu za milimani. Sitautaja jina. Wakulima kama 1,800 huleta maziwa mara mbili kwa siku kwenye vituo vya kukusanyia. Karani anapima ubora, anapima uzito kwenye mizani, anatoa risiti ndogo kwa kifaa cha mkononi. Maziwa yanakwenda kwenye matangi ya kupoza, na mwisho wa mwezi mkulima analipwa kwa kilo, baada ya kukatwa chakula cha ng'ombe na mikopo aliyochukua.

Mfumo waliokuwa nao, uliotengenezwa na watu wengine kabla yetu, ulikuwa wa duka la pili. Kila mkulima alikuwa na safu moja kwenye jedwali: namba ya mwanachama, mwezi, kilo. Maziwa yakipimwa, kilo zinaongezwa juu ya zilizopo.

Siku moja nikiwa ofisini kwao nikichunguza mfumo huo, aliingia mama mmoja mzee na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na risiti zake zote za mwezi uliopita. Alikuwa amezijumlisha na mjukuu wake, mara mbili, wakapata kilo 412. Karatasi yake ya malipo ilisema 387. Kilo 25 kwa shilingi 45 ni shilingi 1,125, na kwa mtu mwenye ng'ombe wawili hizo si pesa za kuchezea. Karani akatazama kwenye skrini, akasema kwa upole, "Shosho, kompyuta ndiyo inasema 387."

Mama akamuuliza, "Kompyuta ilikuwa pale nikikamua?"

Karani hakuwa na jibu, na hakuwa na njia ya kulipata. Huenda kifaa cha kituoni kilikosa mtandao na kilo zikapotea njiani. Huenda maziwa ya siku mbili yalikataliwa baada ya risiti kutolewa. Huenda mtu alizipunguza kwa makusudi, kwa sababu nzuri au mbaya. Huenda ziliingia kwenye namba ya jirani yake. Mambo manne tofauti kabisa, na yote yanaacha alama moja: 387. Namba haikumbuki ilivyofika hapo.

Kamati iliamua mama alipwe. Lakini alilipwa kwa hisani. Hakuna aliyeweza kumwambia kama alikuwa na haki au la, na wakulima wengine wawili waliokuja wiki hiyo bila risiti walirudi nyumbani mikono mitupu. Mpaka hapo nilikuwa nimeona daftari la matukio kama somo la wakubwa wa Silicon Valley. Siku ile niliona ni suala la nani anaaminiwa na kwa nini.

Tulivyojenga

Mfumo mpya tuliujenga kwa matukio. Kila jambo lina jina lililo katika wakati uliopita, kwa sababu limeshatokea na halibadiliki. Mfano wa siku mbili za mwanachama mmoja:

1. MaziwaYamepimwa: mwanachama 417, kilo 8.5, tarehe 3 asubuhi
2. MaziwaYamepimwa: mwanachama 417, kilo 65, tarehe 3 jioni
3. UzitoUmesahihishwa: tukio la 2, kutoka kilo 65 hadi 6.5, karani wa kituo cha 3, sababu: nukta ilisahaulika
4. MaziwaYamekataliwa: mwanachama 417, kilo 8, tarehe 4 asubuhi, sababu: hayakupita kipimo cha alkoholi

Jumla ni kilo 15. Tazama tukio la 3. Kosa la karani halikufutwa. Lipo pale pale, na chini yake kuna marekebisho, aliyerekebisha na sababu yake. Tazama pia la 4: mfumo wa zamani usingeonyesha chochote, kwa kuwa maziwa yaliyokataliwa hayaongezi kilo. Sasa mkulima akiuliza mbona tarehe 4 haina maziwa ya asubuhi, jibu lipo.

Ubishi mkubwa haukutoka kwa wanaprogramu wenzangu, ulitoka ofisini. Waliomba kitufe cha kuhariri. Walikuwa nacho zamani na kilikuwa rahisi: unabofya namba, unaandika nyingine. Tulieleza kwamba watakuwa na kitufe cha kusahihisha, nacho kitadai sababu na kitaandika jina la aliyebofya. Kikao kilichukua saa mbili. Mtu mmoja alisema hilo ni kuwafanya makarani waonekane wezi. Mzee mmoja wa kamati akajibu kwamba karani mwaminifu ndiye atakayefaidika wa kwanza, maana hadi leo akishutumiwa hana cha kujitetea nacho. Hoja hiyo ndiyo iliyopita. Kumbe kuchagua muundo wa hifadhidata ni kuchagua pia nani ana uwezo wa kubadilisha historia bila kuonekana.

Kwa upande wa ufundi hatukuhitaji makubwa. Daftari letu ni jedwali moja la PostgreSQL, na akaunti ambayo programu inaitumia imeondolewa ruhusa ya kubadilisha na kufuta. Inaruhusiwa kuongeza na kusoma tu. Wengi huniambia daftari la matukio litajaza diski. Hebu tupige hesabu. Wakulima 1,800 mara 2 kwa siku mara siku 30 ni matukio 108,000 kwa mwezi. Kila tukio likichukua baiti 300, ni megabaiti 32.4 kwa mwezi, yaani kama megabaiti 390 kwa mwaka. Miaka kumi ya ushirika huo inatosha kwenye kidude cha kuning'iniza kwenye shanga za funguo. Kabla hujasema matukio ni mengi, chukua kikokotoo.

Lakini matangi je?

Ushirika ule ule ulikuwa na kazi ya pili. Maziwa yanapaswa kupozwa hadi nyuzi joto 4 na kubaki hapo. Kulikuwa na vihisi 18 kwenye matangi, na kila kimoja hutuma kipimo baada ya sekunde 5. Hesabu tena: sekunde 86,400 za siku ukigawa kwa 5 ni vipimo 17,280, mara vihisi 18 ni vipimo 311,040 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya milioni 9.3, yaani mara 86 ya matukio ya maziwa yenyewe.

Mwenzangu aliyekuwa amependa sana daftari la matukio alitaka haya nayo yaingie humo humo. Nikamuuliza: nani atakuja kulalamika kuhusu kipimo cha saa tisa na dakika kumi na nne na sekunde ishirini na tano usiku? Hayupo. Kipimo hicho hakina mwenyewe. Meneja anataka kujua tangi lilipanda juu ya nyuzi 4 lini, kwa muda gani, na lilifika juu kiasi gani. Majibu hayo yote yanapatikana kwenye jumla.

Basi hapo tulitumia ujumlishaji wa mkondo, madirisha ya dakika 5. Kila dirisha lina vipimo 60, na kutoka humo tunatunza namba nne: idadi, jumla, cha chini kabisa na cha juu kabisa. Vipimo 311,040 vikawa safu 5,184 kwa siku. Vipimo vyenyewe tunavitunza siku 7, iwapo fundi atavihitaji kuchunguza hitilafu, kisha vinafutwa.

Utaniuliza mbona tulitunza jumla na idadi, tusitunze wastani moja kwa moja. Hili ni la kushika vizuri. Chukua madirisha mawili. La kwanza lina vipimo 60, wastani nyuzi 4. La pili mtandao ulikatika, likapata vipimo 10 tu, wastani nyuzi 8. Ukichukua wastani wa wastani unapata 6, na meneja atashtuka. Wastani wa kweli ni 240 na 80, yaani 320, ugawe kwa 70: nyuzi 4.57. Jumla na idadi zinaunganika kutoka dirisha moja hadi jingine. Wastani peke yake hauunganiki. Kipimo cha katikati nacho hakiunganiki. Hata swali kama "wakulima wangapi tofauti walileta maziwa wiki hii" haliwezi kujibiwa kwa kujumlisha majibu ya kila siku, kwa sababu mkulima yule yule yumo siku zote saba. Kuna mbinu za kukadiria, kama HyperLogLog iliyoelezwa na Philippe Flajolet na wenzake mwaka 2007, lakini zinahitaji uamue mapema. Maana ya yote haya ni moja: anayejumlisha lazima ajue leo maswali ya kesho. Asilolitunza halitarudi.

Habari zinazochelewa, na zinazokuja mara mbili

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana kabisa, hasa katika nchi ambayo mtandao huja na kuondoka.

Maziwa yaliyopimwa saa kumi na mbili asubuhi kwenye kituo cha bondeni yanaweza kufika kwenye seva saa tano, kifaa kikishapandishwa mlimani. Kwa hiyo kila tukio lina nyakati mbili: wakati lilipotokea na wakati lilipofika. Usizichanganye. Kwenye daftari, tukio lililochelewa halina shida. Linaandikwa, na hesabu ikirudiwa linakaa mahali pake. Kwenye mkondo mambo ni magumu zaidi. Dirisha la saa kumi na mbili lilishafungwa na jibu lilishatolewa. Usubiri muda gani kabla ya kufunga? Ukisubiri kidogo unapoteza vya kweli. Ukisubiri sana, onyo la tangi kupata joto linafika maziwa yakiwa yameshachacha. Wataalamu wa Google waliandika karatasi mwaka 2015 kuhusu mfumo wao wa Dataflow, na sehemu kubwa inahusu mvutano huu kati ya usahihi, haraka na gharama. Hakuna jibu moja. Kuna uamuzi, nao lazima ufanywe na mtu anayeijua kazi yenyewe. Kwa matangi tuliamua kusubiri dakika 2.

Kisha kuna marudio. Kifaa kinatuma rekodi, mtandao unakatika kabla ya jibu kurudi, kifaa kinadhani hakikufaulu, kinatuma tena. Katika mfumo wa jumla peke yake, kilo 8.5 zinaongezwa mara mbili, na baada ya hapo hakuna wa kujua. Kwenye daftari letu kila tukio lina namba ya kifaa na namba ya mfululizo, na hifadhidata inakataa jozi hiyo kuingia mara ya pili. Kifaa kinaweza kutuma mara kumi, kilo zitabaki 8.5. Ikiwa utachukua jambo moja tu kutoka makala hii, chukua hili: usiongeze namba bila kujua ni tukio gani limeiongeza.

Mzigo wa daftari

Nisikudanganye kwamba daftari ni asali tupu. Lina mizigo yake.

Mzigo wa kwanza ni muundo wa rekodi kubadilika. Mwaka wa pili ushirika ulianza kurekodi kiwango cha mafuta kwenye maziwa. Matukio ya mwaka wa kwanza hayana habari hiyo, na hayawezi kuhaririwa. Programu lazima ijue kusoma ya zamani na mapya daima. Kila uamuzi wako wa zamani unaishi na wewe.

Wa pili ni kuhesabu upya. Kusoma matukio yote ya mwanachama kila anapoulizwa kilo zake ni kupoteza muda. Kwa hiyo unatunza picha ya hali kila mwisho wa mwezi, unaanzia hapo. Ila picha hiyo ni ya kurahisisha tu. Ukiitupa lazima uweze kuijenga tena kutoka kwenye daftari. Siku usipoweza, ujue umerudi kwenye duka la pili.

Wa tatu ni faragha. Kwetu Kenya kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kuomba habari zake zisahihishwe, au zifutwe ikiwa huna tena sababu halali ya kuzitunza. Utafutaje kwenye daftari lisilofutwa? Sisi hatuandiki jina wala simu wala namba ya kitambulisho kwenye matukio. Kuna namba ya mwanachama tu, na jedwali jingine, linalofutika, linaiunganisha na mtu. Wengine husimba habari za kila mtu kwa ufunguo wake, wakitakiwa kufuta wanaharibu ufunguo. Vyovyote vile, panga siku ya kwanza.

Wa nne ni matukio yasiyo na maana. Nimeona mfumo wenye tukio moja tu, RekodiImebadilishwa, likirudiwa mara laki kadhaa. Hilo si daftari, ni takataka iliyopangwa kwa tarehe. Thamani ya tukio ni kwamba linasema nia: yamekataliwa, yamesahihishwa, yamelipwa.

Na kuna mpaka ambao hakuna programu inayouvuka. Mizani ikidanganya, daftari litautunza uongo huo kwa uaminifu mkubwa. Daftari linaonyesha kilichorekodiwa, na aliyerekodi. Ukweli wa mizani bado ni kazi ya watu.

Tahadhari kuhusu Kafka

Vijana wengi huniambia, "Sisi tunatumia Kafka, kwa hiyo tuna daftari la matukio." Polepole. Kafka ilizaliwa LinkedIn, ikatolewa kwa umma mwaka 2011, na mwaka 2013 Jay Kreps, mmoja wa walioiunda, aliandika insha maarufu kueleza jinsi orodha inayoongezwa tu inavyoweza kuunganisha mifumo ya kampuni nzima. Ni chombo kizuri sana. Lakini kwa mipangilio yake ya kuanzia Kafka hutunza ujumbe kwa saa 168, yaani siku 7, kisha huufuta. Unaweza kubadilisha mpangilio huo, ila lazima ujue upo. Kuna watu wanaodhani wana historia ya miaka mitatu, kumbe wana ya wiki moja.

Kafka ni bomba. Bomba linaweza kumwagilia daftari, linaweza kumwagilia jumla. Kuwa na bomba hakujakuamulia lolote.

Maswali ninayojiuliza

Siku hizi nikipewa kazi mpya, kabla ya kufungua kompyuta najiuliza haya:

1. Kuna mtu ambaye siku moja atakuja kuuliza "kwa nini" kuhusu rekodi moja? Akiwepo, tunza matukio.
2. Rekodi moja ina mwenyewe? Kilo za maziwa zina mwenyewe. Kipimo cha joto cha sekunde moja hakina.
3. Maswali ya kesho yanajulikana leo? Yakijulikana yote, jumla inatosha. Yasipojulikana, jumla itakufunga.
4. Matukio ni mangapi kwa hesabu, sio kwa hofu? Andika namba kwenye karatasi.
5. Kosa likipatikana, litasahihishwaje, na nani ataona kwamba limesahihishwa?

Kumbuka pia kwamba barabara hii ni ya upande mmoja. Kutoka kwenye matukio unaweza kupata jumla yoyote, hata ile ambayo hukuifikiria. Kutoka kwenye jumla huwezi kupata tukio hata moja. Ndiyo maana mara nyingi hulazimiki kuchagua moja na kuacha nyingine. Ripoti za kila siku za ushirika ule, kilo kwa kila kituo, ni ujumlishaji wa mkondo unaokunywa kutoka kwenye daftari. Zikikosewa tunazifuta na kuzihesabu upya. Ukiwa na shaka na matukio si mengi, tunza matukio. Kujumlisha utajumlisha hata kesho.

Siku hizi mkulima akifika ofisini na malalamiko, karani anabonyeza mara mbili na kumchapia orodha: kila siku, kila kituo, kila masahihisho na sababu yake. Mara nyingine mkulima ndiye aliyekosea kujumlisha, na anaondoka bila kinyongo kwa sababu ameona kwa macho yake. Mara nyingine ushirika ndio uliokosea, na analipwa kilichopungua kwa sababu ni chake.

Haya, kwa leo niishie hapo. Safari ijayo, Mungu akipenda, nitaeleza jinsi tulivyosoma matukio ya muundo wa zamani bila kuijaza programu masharti kila kona. Hadi wakati huo, nawatakia kazi njema.